Mjane wa Machogu

"Hapana, mama, uso hatuhitaji," Jaffer alisema. "Tunataka miguu tu."

Kemuma alikuwa ameketi juu ya kigoda mbele ya nyumba yake, uso umepakwa mafuta mpaka unang'aa, kichwani amefunga kile kitambaa cha maua alicholetewa na binti yake mkubwa kutoka Kericho. Tangu majogoo alikuwa akijitengeneza. Mumewe, Machogu, alimwambia kwamba picha hizi zitaonwa Nairobi na Ulaya, naye akaona si vizuri Ulaya imkute na uso mkavu. Sasa majirani waliojazana uani, wengine wamekwea ukingo wa shamba la chai ili waone vizuri, wakaangua kicheko. Walikuwa wamekula wivu wiki nzima, na leo walipata pa kuutapika.

"Miguu tu!" mmoja alirudia. "Basi mafuta angepaka huko chini."

Kemuma alicheka nao kidogo ili isionekane kwamba ameumia. Akafungua kitambaa, akakikunja, akakikalia.

Jaffer mwenyewe hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalokera zaidi. Alikuwa mtoto wa mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, aliyepelekwa Ujerumani kusomea umeme akarudi na kamera. Hakuwa na kampuni wala serikali nyuma yake. Hadithi aliitunga mwenyewe, fedha alizikamua kwa baba na wajomba, gari lilikuwa Peugeot ya dukani, na kamera aliishika kwa mikono yake. Filamu yake ilihusu mjane: mume anakufa, ukoo unamvua pete za miguuni, kisha unamfukuza. Alitaka dunia ione jinsi wanawake wa mashambani wanavyoonewa. Jumapili hiyo ya mwaka wa sabini na tatu, katika kijiji kimoja cha upande wa Itumbe, ilikuwa siku ya kwanza ya kupiga picha, na kabla jua halijazama alikuwa amepata kila alichokitaka.

Miguu ya Kemuma ilitafutwa kwa sababu ya ebitinge, pete nzito za chuma zilizomzunguka juu ya vifundo. Wasichana wa siku hizo walikwenda kanisani wakarudi na pete kidoleni. Wake wa zamani walivishwa chuma miguuni siku ya harusi kubwa, ng'ombe wote wakiwa wameshatolewa na koo mbili zimekaa zinatazama. Aliyevishwa hakumwacha mumewe, na mumewe hakuweza kumwambia nenda. Zilivuliwa siku moja tu, siku mume amelala maiti ndani ya nyumba.

Kwa Kemuma zilikuwa zaidi ya hapo. Alizaa mabinti watupu, nao wote wameolewa mbali. Mama asiye na mwana wa kiume ni mgeni hata kwenye migomba aliyoipanda kwa mikono yake, na wenzake hawakukosa kumkumbusha. Yeye huwajibu kwa kuburuta mguu mmoja kidogo, chuma kikalia juu ya chuma. "Mwana sina, lakini hizi ninazo," husema. Mchungaji alikataa kumbatiza asipozivua, naye akakubali kukaa benchi la nyuma kabisa miaka yote, akiimba na watu asioshiriki nao meza. Machogu mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa mchungaji, fimbo mkononi, akamwuliza: "Mnataka kunizika nikiwa ninatembea?"

*

Mapatano yalikuwa hivi: miguu ya Kemuma ipigwe picha na pete zake, basi. Kuvuliwa kungefanywa kwa Mariam, mwigizaji aliyeletwa kutoka Nairobi, na pete za bati zilizopakwa rangi nyeusi na Ondieki, fundi wa gereji mjini.

Mariam alipovua viatu, wanawake walishika midomo. Miguu ilikuwa laini kama ya mtoto wa kubebwa, kucha zimetiwa rangi nyekundu. Ondieki akamvisha pete za bati, akamwambia apige hatua. Zililia kama makopo yaliyofungwa mkiani mwa mbwa.

Jaffer alitazama kupitia kamera, akaondoa jicho, akatazama tena. Kisha akageuka kuiangalia miguu ya Kemuma, nyayo zilizopasuka kwa baridi ya asubuhi shambani mwa chai, ngozi iliyosuguliwa na chuma ikawa nyeusi ya kung'aa.

"Ni hii," alisema. "Ni hii tu. Nyingine yote ni uongo."

Hakumwendea Kemuma. Alimwendea Machogu, aliyekuwa amesimama kando na blanketi la rangi ya kahawia begani na usinga mkononi, maana alipewa nafasi ya mzee wa ukoo, yule atakayetoa hukumu. Tangu apewe ule usinga hakuuweka chini hata alipokwenda chooni.

"Mzee, bati linanipa aibu," Jaffer alimwambia kwa Kiswahili, sauti ya chini. "Nataka zivuliwe za mama. Za kweli. Nitaongeza kitu juu ya ile yako."

"Hiyo ni jambo ngumu, bwana Jaffer."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe mwenye boma. Kama haiwezekani sema tu, nafunga vitu vyangu naenda Kenyenya. Huko pia wapo akina mama wenye pete, na wazee pia wapo."

Machogu aliangaza macho uani. Ndugu zake wa ukoo walikuwa wamejifunika mablanketi ya filamu, wamepangwa kwenye magogo, wanamtazama. Watu wa ng'ambo ya mto walikuwa wamekuja. Amewaambia wote kwamba hii ni filamu yake. Akaliona gari likiondoka, na usinga ukiondoka ndani ya gari.

"Hapa hakuna haja ya Kenyenya," alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Bibi ni yangu. Pete ni yangu. Toa!"

Kemuma hakuhitaji kutafsiriwa. Alisimama. "Omogaka," alimwita kwa lugha yao, kwa lile neno la heshima ambalo mke humwitia mumewe mtu mzima, "unasema nini?"

"Ni mchezo. Kaa chini."

"Na msumeno ule alioushika yule kijana, ni mchezo pia?"

"Watavua, watapiga picha, tutavisha tena. Mbona unafanya jambo dogo kuwa kubwa?"

"Nani atavisha? Aliyenivisha alikufa zamani. Baba yangu alikufa. Mashahidi wamekufa." Alipunguza sauti, akamsogelea, akamwita kwa jina la binti yao mkubwa, akawa kama anayembembeleza mtoto. "Baba Nyamoita, nitawapikia hawa watu mpaka mwisho. Nitawachotea maji. Wapige miguu, wapige na magoti wakitaka. Hili nihurumie."

Machogu alihisi macho ya watu yakimtambaa mgongoni kama siafu, naye akafanya walifanyalo waume waoga mbele ya watu.

"Mwanamke ambaye hajanizalia hata mtu wa kunichimbia kaburi," alisema, "leo ndiye wa kunifundisha cha kuvua na cha kuvaa katika boma langu? Kaa!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Kemuma alikaa. Alikaa pale palepale, akanyoosha mguu wa kulia, maana mtu akishatukanwa hivyo mbele ya majirani, mguu ni kitu gani tena.

*

Ondieki alipiga magoti, akatia mafuta ya kupikia kwenye chuma, akaanza kukeketa. Alikuwa kijana mpole, na kila msumeno uliporuka na kugusa ngozi alisema, "Pole, mama." Kemuma aliinama, akajifunika macho kwa kiganja. Mabega yakaanza kucheza.

"Basi! Basi!" Jaffer alipaza sauti, akainua kichwa. "Mzee, mwambie mama asilie. Miguu inatikisika."

"Usilie," Machogu alitafsiri. "Unaharibu kazi."

Akazuia. Alichomoa kile kitambaa cha maua alichokikalia, akauma ncha yake, akatulia, machozi yakashuka bila mwili kusogea, na Jaffer akaridhika kwa sababu machozi hayakufika miguuni. Pete ya kwanza ilipokatika, Ondieki aliipanua kwa koleo. Jaffer akamsimamisha, akahamia upande wa pili, akamwambia airudishe kama ilivyokuwa na kuipanua tena polepole. Mara ya tatu ndipo akasema safi. Kisha mguu wa kushoto.

Chini ya chuma ngozi ilikuwa imepauka kama kiazi kilichomenywa. Watoto walinyoosha vidole. Kemuma aliificha miguu nyuma ya kigoda, kama mtu aliyevuliwa nguo.

"Sasa uso," Jaffer alisema. "Mariam, njoo."

Mariam alikalia kigoda kilekile, shuka nyeusi begani. Machozi yalikataa. Wakaleta kitunguu kutoka jikoni kwa Kemuma, wakakikata, akakinusa, akainua macho yaliyojaa maji kuelekea kwenye vilima. Lo! Uso ulikuwa mzuri, na huzuni ilimkaa vizuri. Wanawake waliokwea ukingo wa chai, walewale waliocheka asubuhi, walianza kupangusa macho kwa ncha za leso. "Maskini mtoto wa watu," mmoja alisema. "Ona anavyoteseka."

Kemuma alisimama miongoni mwao akitazama. Alipoona kazi imekwisha, alimfuata Jaffer aliyekuwa akitia pete zilizokatwa ndani ya mfuko.

"Hiyo yangu," alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Nipe."

"Bado nitazihitaji, mama. Lazima ziwe zilezile filamu nzima, zisibadilike. Tukimaliza utapata." Akamgusa bega kwa upole wa kweli. "Umefanya kazi nzuri sana leo. Watu watalia."

*

Saa ya chakula Kemuma alimpakulia mumewe ugali wa wimbi na mboga, akamwekea mbele. Miguu ilikuwa myepesi mno, akitembea anakosea hatua. Machogu alikuwa ameshanawa na kumega tonge la kwanza pale kilio kilipopasuka juu ya kilima.

Alikuwa bibi kizee Gesare, shangazi yake Machogu, dada wa marehemu baba yake, mwanamke aliyekuwa mkubwa kuliko wote katika ukoo. Alitoka misa Jumapili hiyo, na njiani watu wakampa pole. Waliambiwa na waliotoka kutazama kwamba mke wa Machogu amevuliwa pete. Ajuza hakuuliza la pili. Alishuka mteremko wote akilia, shuka limemtoka begani, rozari mkononi, akimwita mtoto wa kaka yake kwa majina yake yote.

"Huyu ni nani?" Jaffer aliuliza, akaruka kushika kamera. "Huyu bibi ni nani? Mungu wangu, mzuri huyu! Msimzuie!"

Gesare alifika uani akamwona marehemu ameketi na tonge mkononi. Kilio kilikatika. Alimtazama Machogu, akatazama miguu ya Kemuma, akatazama ugali.

"Uko hai?" aliuliza.

"Shangazi, ni picha tu. Ni mchezo wa..."

"Nimekuuliza kama uko hai."

"Niko hai."

"Basi unakulaje chakula cha mjane wako?"

Tonge lilibaki mkononi mwa Machogu. Asubuhi nzima aliwaza usinga tu. Sasa alilitazama tonge lile kama kitu kilichookotwa makaburini, akalirudisha sahanini polepole, akapangusa vidole kwenye blanketi. Kemuma aliona alivyopangusa. Alipangusa sana, kidole kimoja kimoja.

Wazee walikaa palepale kwenye magogo. Hawakukumbuka kuvua mablanketi ya Jaffer, na Machogu hakuweka usinga chini, kwa hiyo shauri la kweli lilikatwa kwa mavazi ya kuazima. Gesare alisema njia ipo. Pete zikatengenezwe upya, ng'ombe wapelekwe kwa kina Kemuma huko Kiogoro kama mara ya kwanza, koo mbili zikae, achinjwe beberu, mke avishwe. Hapo Machogu atakuwa amerudi kwa walio hai.

"Ng'ombe?" Machogu aliruka. "Nioe mara mbili mwanamke yuleyule? Mzee hivi, na tumbo limeshafunga?"

"Ni wewe uliyemvua."

"Mimi?" Aligeuka kwa watu. Woga ulikuwa umemshika hasa, na woga wa mtu kama yule huwa hauna haya. "Mimi nilisema aigize. Nani alimshika mguu? Alinyoosha mwenyewe, mliona wote. Mke mwenye akili angekataa, angekimbilia hata kwenye chai. Huyu alitaka nife!"

Kemuma aliwaangalia majirani mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwapo. Wote walisikia neno "toa". Lakini Jaffer alikuwa ameahidi kwamba kesho anahitaji waombolezaji wengi zaidi na kila mmoja atapata chochote, na aliyemsema mwenye boma asingeitwa. Wakaangalia chini. Ondieki alijishughulisha na kufuta msumeno.

"Bwana Jaffer," Kemuma alisema, "wewe ulisikia. Sema kwa hawa."

Jaffer alikuwa ameketi kwenye kivuli cha Peugeot akila yai. Alisimama, uso umemwiva kwa haya. "Mama, mimi ni mgeni," alisema. "Mambo ya mila yenu siwezi kuingilia."

Gesare alijaribu tena, akagomba mpaka sauti ikakauka, lakini wanaume walishaona njia rahisi. Mmoja wao, jamaa wa hirimu ya Machogu, alikohoa akasema mke aende kwanza kwa kaka yake Kiogoro, mambo yapoe, halafu yatazungumzwa. Kaka yake Kemuma alikuwa kaburini mwaka wa pili huo. Nyumbani kwake alikuwapo mjane wake na watoto wengi na jiko linalovuja. Kila mtu pale alijua, na kila mtu aliitikia kwa kichwa.

"Na chai yangu?" Kemuma aliuliza. "Kesho ni siku ya kuchuma."

"Chai ni ya boma," Machogu alijibu. Alikuwa akizungumza naye huku amegeukia pembeni, asije akamwangalia machoni. "Toka kabla jua halijazama. Usilale hapa."

*

Hakuwa na vingi. Alifunga nguo ndani ya shuka, akatia sufuria moja, akalibeba lile furushi kichwani. Gesare alimsindikiza mpaka katikati ya uwanja, akakaa chini akilia kimyakimya. Alipopita jikoni Kemuma aliona kile kitunguu kilichokatwa nusu kiko juu ya jiwe, akakifunika kwa bakuli ili kisikauke, kisha akakumbuka kwamba si lake tena kukifunika.

Machogu alimfungulia lango la miti, akampitisha, akalifunga. Kijua cha jioni kilikuwa kimelala juu ya chai, chote rangi ya dhahabu. Kemuma alikuwa amebakiza hatua chache kuifikia njia kubwa aliposikia mtu akikimbia nyuma yake. Alidhani ni mumewe.

"Mama! Mama, ngoja!" Alikuwa Jaffer, kamera begani, anahema. "Usiende bado. Mwanga huu... sijawahi kuona mwanga kama huu. Mjane anatoka, miguu mitupu, lango linafungwa. Nilikuwa niipige wiki ijayo, lakini ile alama ya pete kwenye mguu leo iko wazi, wiki ijayo itakuwa imepotea." Alimshika mkono taratibu. "Rudi ndani kidogo, kisha utoke tena vilevile. Mara moja tu. Nitakufikisha Kiogoro kwa gari."

"Siruhusiwi kuingia," Kemuma alisema.

Jaffer alimpungia Machogu kule langoni, akamweleza kwa sauti kubwa, kwa mikono. Machogu alisita. Alimtazama shangazi yake aliyekaa mavumbini, akatazama kamera. Kisha akanyoosha blanketi begani.

"Na mimi nitaonekana?" aliuliza.

"Mkono wako tu, ukifunga lango. Na usinga."

Machogu alifungua lango wazi kabisa. "Ingia," alimwambia mkewe.

Kemuma aliingia. Aliona nyumba yake, kuku wakipanda kulala, moshi wa jiko aliouwasha mwenyewe. Pale langoni alisimama, na kwa muda mfupi tu, akiwa ndani ya boma kwa ruhusa ya mwenye boma, kitu fulani ndani yake kikathubutu kutumaini. Alimgeukia Machogu, akafungua kinywa aseme.

"Usimwangalie, mama!" Jaffer alipiga kelele kutoka nje. "Tazama chini. Haya, twende!"

Akatazama chini, akatoka. Lango likafungwa nyuma yake, vizuri kuliko mara ya kwanza, maana Machogu alikuwa amejifunza jinsi ya kulifunga mkono uonekane. Kemuma aliipita kamera, akalipita gari lililoachwa mlango wazi, akaingia njia kubwa.

"Basi!" Jaffer aliita kwa furaha. "Basi, mama, imetosha! Simama!"

Lakini hakusimama.